Zamu ya Kupumua

1

Nimefundisha kwaya miaka thelathini na mmoja, na kama kuna kosa ambalo sijawahi kumsamehe mtu, ni kusikika akipumua. Ukikosea noti nitakukata jicho, yataisha. Ukichelewa mazoezi nitakusema mbele za watu, utanuna, utarudi. Lakini ukivuta pumzi katikati ya mstari mpaka aliyekaa benchi la mwisho akakusikia, utasimama nje hadi wimbo uishe. Wanakwaya wangu kule milimani Upare walinipa jina, Mama Pumzi. Walidhani silijui.

Siri yetu ilikuwa kuibiana. Noti ndefu kupita kiasi hakuna mtu anayeiweza peke yake, kwa hiyo niliwapanga wanne wanne. Mmoja akinyamaza kuvuta pumzi, watatu wanabaki wameishikilia. Akirudi, anamgusa jirani yake kwa kiwiko, na huyo jirani naye ananyamaza kimyakimya. Hupumui mpaka uguswe, hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Anayesikiliza anasikia sauti moja tu, imenyooka, haikatiki popote. Watu walikuwa wanalia makanisani, jamani, na mimi nilikuwa navimba kichwa.

Naeleza haya mapema usije ukasema nilifanya niliyoyafanya kwa ujinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na maringo.

2

Siku ya kwanza nilipofika Kituo cha Koo, Daktari Senkoro alinivisha mkanda wa kitambaa shingoni. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole mno, mtu wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga.

"Mwalimu, naomba usiimbe. Usikilize tu."

"Mimi sikuja kuimba hapa. Nimemleta mdogo wangu."

Mdogo wangu, Namsifu, alikuwa ameketi pembeni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kiharusi kimkamate, na katika miaka hiyo hakutamka hata neno moja. Namsifu, aliyekuwa sauti ya pili bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha! Namsifu aliyekuwa akianza kusema sokoni, wauza nyanya wanashusha bei ili tu aondoke.

Daktari aliwasha spika. Mwanamke mmoja akaimba peke yake, polepole. Kwenye kioo kilichokuwa mbele yangu, mstari wa kijani uliokuwa umelala ukaanza kurukaruka.

"Hapo umeimba, Mwalimu."

"Acha utani. Sijafungua hata mdomo."

"Mdomo hukufungua. Ubongo ndio umeimba." Akagonga kichwa chake juu kidogo ya sikio. "Kuna sehemu hapa, kazi yake ni kuamrisha misuli. Kuna ya mikono, kuna ya miguu, na kuna ya koo. Ukisikia mashine inanguruma, ile ya koo haijali. Ukisikia binadamu mwenzako anaimba, inaamka. Inamfuata chini chini. Akikaza, inakaza. Akilegeza, inalegeza. Na kadiri ulivyowahi kuimba wewe mwenyewe, ndivyo inavyofuata zaidi."

Hilo nililijua kabla hajazaliwa. Nani hajawahi kutoka kwenye mashindano ya kwaya koo linamuuma, na hata hakuimba?

"Sasa mdogo wako," akaendelea, "njia yake ya kutoka kwenye maneno kwenda kooni imekatika. Lakini hii ya kutoka sikioni bado ipo. Nyembamba, lakini ipo. Kifaa chetu, Kidaka, kinaidaka ile amri ndogo na kuikuza mpaka misuli itii. Misuli ya koo, na ya mbavu pia, maana hakuna sauti bila pumzi. Atasikia wimbo, mwili wake utaufuata. Baada ya miezi kadhaa atajifunza kuyapandisha maneno yake mwenyewe juu ya ule wimbo."

Akanionyesha hicho Kidaka. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi, cha kupandikizwa nyuma ya sikio, na nyuzi nyembamba kuliko unywele za kupita chini ya ngozi. Kilikuwa na kijitaa cha bluu.

"Na wimbo ukikosea?" nilimuuliza kwa mzaha.

Yeye hakucheka. "Mwili utakosea. Ndiyo maana natafuta mwalimu mkali, na nimeambiwa nyinyi kwenu hamna mkali kama wewe."

Mtu akishakusifu hivyo, utamkatalia vipi? Nikaanza kazi Jumatatu iliyofuata.

3

Mwezi wa nne tangu Namsifu apandikizwe Kidaka, mchana, tulikuwa tunakula makande. Namsifu alionja kijiko kimoja akakiweka chini. Nikasikia mngurumo mdogo kooni mwake, kama mtu anayetafuta noti kabla ya kuanza. *Mmm.* Nikadhani amepaliwa.

"Chumvi," akasema.

Nikamkodolea macho.

"*Mmm.* Dada. Chumvi. Haimo."

Nililia juu ya sufuria mpaka nikaona aibu. Halafu nikaenda kuleta chumvi, nikamwaga nusu ya kopo mezani, naye akasema, "*Mmm.* Sasa imezidi," tukacheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Tangu siku hiyo hakunyamaza. Karibu kila sentensi ilianza na ule mngurumo mdogo wa kutafuta noti, kisha ikaja, nusu kusema nusu kuimba. Aliongea na kuku. Aligombana na jirani kuhusu maji ya kufulia. Alinieleza mambo yote ambayo nilikuwa nimeyafanya vibaya katika miaka mitatu ya kumtunza, moja baada ya jingine, na mengine yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimesahau jinsi mdomo wake ulivyo mrefu. Nilikuwa nafurahi kila siku, nasema ukweli wangu.

Kituo kilikuwa na wagonjwa mia moja na arobaini na mmoja wakati ule, wote wenye Kidaka, wengi wao watu wa kwaya za milimani, maana ndio waliofuata haraka. Na wimbo waliokuwa wakijifunzia ulikuwa ule ule wa yule mwanamke mmoja anayeimba peke yake. Mimi nilikuwa siupendi. Baada ya kila mstari unamsikia anavyovuta hewa, *hhh*, kama mbuzi aliyekimbizwa. Nilimwambia Kihiyo, fundi wa kunasa sauti, "Huu ni uchafu. Nitawaletea watu wanaojua kuimba."

Nikawaleta wanne wangu wa sauti ya pili. Waliimba siku mbili. Mwishoni mwa wimbo kuna noti moja ndefu, waliishikilia dakika nzima na nusu, wakiibiana kama nilivyowafundisha. Kihiyo akaziunganisha sauti nne zikawa moja, huwezi kuamini si mtu mmoja. Bado palibaki vijipumzi viwili vitatu, nyuma kabisa, vya kutafuta kwa tochi.

"Mwalimu, nivikate navyo?"

"Vikate."

"Vyote?"

"Kihiyo, mimi naongea Kichina? Vyote."

Daktari Senkoro aliusikiliza mara moja akasema haijawahi kutokea sauti nzuri kama ile. Akatia saini. Wiki iliyofuata wimbo ukaingizwa kwenye Vidaka vyote, na kwa vile ulikuwa mzuri kweli, watu wakaunakili kwenye simu zao. Baada ya mwezi ulikuwa unapigwa saluni, dukani, kwenye harusi. Nilikuwa napita barabarani naringa.

4

Wa kwanza alikuwa Mzee Elineema, mgonjwa wetu aliyewahi kuniimbia besi. Mkewe alirudi kutoka shambani saa tano asubuhi akamkuta kwenye kiti, spika imewashwa, wimbo umeshaisha. Uso ulikuwa mweusi kuliko kawaida yake. Hospitali ikasema moyo. Alikuwa na miaka sabini na sita, nani atabisha? Tulimzika, nikamwimbia.

Wiki mbili baadaye, Mama Mbazi, naye mgonjwa wa Kituo, alizimia nyumbani kwake akisikiliza wimbo. Huyu aliponea kwenye umeme. Mambo yote ya dunia yamebadilika, dawa zinaletwa kwa ndege zisizo na rubani, mvua za vuli zimehamia Januari, lakini umeme wa kwetu bado unakatika. Ulikatika wimbo ukiwa katikati ya ile noti ndefu, naye akaanguka chini akihema.

Nilikwenda kumwona na ndizi zangu. Alikuwa amejiegemeza kitandani, anachangamka.

"Pole, mama. Ilikuwaje hasa?"

Mama Mbazi alifikiri. Alikuwa mtu wa benchi langu la mbele zamani, mwaminifu, hakuwahi kutolewa nje hata mara moja.

"*Mmm.* Mwalimu, utanicheka. Sikusikia maumivu yoyote. Nilikuwa nasubiri tu."

"Unasubiri nini?"

"Zamu yangu. Nilikuwa nasubiri kuguswa." Akacheka kidogo, akajigusa ubavu. "Nikawa nashangaa, mbona leo huyu mwenzangu hanigusi?"

Zile ndizi sijui niliziweka wapi. Nakumbuka nimeshatoka nje, nimeshika ukuta. Sauti nne zilizofanywa moja. Pumzi zote zimekatwa, nimezikatisha mwenyewe kwa mdomo wangu. Mwili wa mtu unafuata sauti ya binadamu asiyepumua, unangoja mahali pa kuvuta hewa, na mahali hapo hapapo.

5

"Nimeshajua," alisema Daktari Senkoro.

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwa ukali, nikabaki na ukali wangu mdomoni. Alikuwa amekaa mbele ya kioo chake, macho mekundu.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano. Nimeangalia kumbukumbu za Kidaka cha Mama Mbazi. Mbavu zilisimama kabisa." Akajipapasa uso. "Mtu wa kawaida, hewa mbaya ikijaa kifuani, mwili unamgombeza, atavuta tu atake asitake. Sisi tumeikuza amri ya wimbo ikawa na nguvu kuliko mwili wenyewe."

"Mbona hawajafa wote?"

"Nyumbani kuna vitu vya kuwakatiza. Mlango unagongwa, kuku anaingia ndani, wanapoteza wimbo kidogo, wanavuta. Anayesikiliza kwa moyo wote ndiye yuko hatarini. Na aliyewahi kuimba."

Wote wawili tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Keshokutwa, Jumapili, ilikuwa sherehe ya mwaka wa Kituo. Wagonjwa mia moja na arobaini ukumbi mmoja, wimbo ule, mbele ya wageni. Hapo kila mmoja atamsubiri jirani yake.

"Futa wimbo," nikasema.

"Nitaufuta Jumapili asubuhi. Nitaweka ule wa zamani, hakuna atakayejua. Lakini Mwalimu, Kidaka kinajifunza. Kimeshajifunza kupumua kwa huu. Na uko kwenye simu za watu wilaya nzima, siwezi kuingia kila nyumba. Kukifundisha upya ni miezi mitano."

"Na katika miezi hiyo mitano?"

Akazima kioo chake.

"Basi tuwaambie Mamlaka ya Vifaa vya Mwilini."

"Mamlaka wana kitufe kimoja," alisema taratibu. "Wakisikia kuna mtu amekufa, watazima vyote siku hiyo hiyo. Kuviwasha tena ni miaka, kama vitawashwa. Watu mia moja na arobaini watarudi kuwa mabubu. Namsifu akiwa mmoja wao." Akaniangalia kwa ile huruma yake. "Sikulazimishi. Nakuomba tu ufikirie hadi Jumapili."

6

Jumamosi mchana nilikuwa natoka kununua mafuta ya kupikia. Nikafungua geti nikasikia, kutoka kwa jirani, wimbo wangu, umefika mwishoni. Na jikoni kwetu nikasikia maji yanamwagika.

Namsifu alikuwa amesimama mbele ya sinki, sahani mkononi. Bomba lilikuwa wazi, maji yamejaa, yamefurika, yanatiririka kwenye miguu yake, naye hana habari. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama mtu anayetaka kutabasamu. Midomo imekuwa na rangi ya majivu.

"Namsifu!"

Nilimtikisa. Nikampiga mgongoni. Macho yalinitazama, yalinijua, lakini kifua kilikuwa kimya kama ukuta. Ng'ambo ya pili ile noti iliendelea, nzuri, safi, haikatiki.

Nikamsukuma kiwiko ubavuni, pale pale tulipokuwa tukiguswa, nikaweka mdomo wangu sikioni mwake nikavuta pumzi kwa kelele zote nilizonazo. *Hhhh.*

Mbavu zake zikafunguka. Sahani ikaanguka ikavunjika. Tukakaa chini wote wawili kwenye maji, yeye anahema, mimi namshikilia kichwa, nalia kama mtoto.

Alipopata nguvu alisema, "*Mmm.* Umemwambia nani?"

Nilikuwa nimemweleza kila kitu jana yake, maana sijui kumficha jambo.

"Bado."

"Usiwaambie."

"Wewe! Umejiona ulivyokuwa?"

"*Mmm.* Utakuwa unanigusa."

"Nitakugusa mpaka lini? Nikienda dukani je? Na hao wengine, nani atawagusa?"

Akaokota kipande cha sahani, akakigeuzageuza.

"Dada, sikiliza. Miaka mitatu ulinisemea. Daktari akiniuliza naumwa wapi, unajibu wewe. Wageni wakija, unawaambia Namsifu anawasalimu, na mimi nilikuwa siwasalimu, nilikuwa nataka waondoke. Ulikuwa unakosea, kila siku unakosea, na mimi nakutazama tu." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuyumba. "*Mmm.* Usinirudishe kule. Bora nife nikiwa naongea."

Nilifunga bomba, nikachukua tambara, nikapiga deki. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, naye hakuniuliza tena.

7

Ukumbini waliketi kwa mistari, wamevaa sare ya bluu niliyoichagua mimi. Nyuma ya kila sikio taa ndogo. Wageni walikuwa upande wa kulia, mbele yao Bwana Mcharo wa Mamlaka ya Vifaa vya Mwilini, mtu mnene mwenye leso ya kufutia jasho. Namsifu alikaa mstari wa mbele kabisa. Asubuhi ile hakunisemesha.

Daktari alikuwa amefanya alivyoahidi, ameurudisha wimbo wa yule mwanamke anayevuta pumzi kama mbuzi. Akanipa ishara kwamba mambo ni salama. Nikasimama mbele yao, nikainua mikono.

Shingo mia moja na arobaini zikajipanga. Hakuna aliyeimba bado, spika ilikuwa bado kimya, lakini niliona koo zikipanda zote kwa pamoja, vifua vikisimama, wakiingoja sauti. Nikaona kiwiko cha Mama Mbazi kinajisogeza, kidogo tu, kinamtafuta jirani yake wa kushoto. Jirani yake alikuwa mwanamume mgeni kwa kwaya, hajui lolote kuhusu viwiko. Nikahesabu moyoni. Tano. Nane. Kumi na mbili. Hakuna kifua hata kimoja kilichopanda wala kushuka. Walikuwa wananingoja mimi.

Nilishusha mikono. Nikavuta pumzi kwa kishindo, ukumbi mzima ukanisikia, nao wakavuta wote, kelele yake sitaisahau.

"Zimeni spika," nikasema.

Niliyasema yote. Wimbo nilivyoutengeneza, pumzi nilivyozikata, Mzee Elineema, Mama Mbazi. Sikumtazama Namsifu. Bwana Mcharo alisimama, leso imesimama nusu ya njia kwenda kwenye paji la uso.

"Mwalimu, una hakika na unayoyasema?"

"Nilizikatisha mwenyewe."

"Na kuna mtu aliyekufa?"

Daktari Senkoro aliinuka kwenye kiti chake, mpole vile vile. "Yupo mmoja tunayemjua," alisema.

Bwana Mcharo alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alisoma kwenye kikaratasi: saa kumi alasiri vitazimwa vyote. Ilikuwa saa saba na nusu. Ukumbi ulilipuka. Wengine walikimbilia simu kuwapigia watoto wao walio mbali, wawasikie mara ya mwisho. Mzee mmoja aliniendea mpaka karibu, *mmm*, akasema, "Nani alikuomba? Nani alikuomba wewe?"

8

Tulifika nyumbani saa tisa kasoro. Namsifu alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akauegemeza mkongojo wake ukutani, akanyamaza.

"Sema chochote," nilimwambia. "Nitukane. Mdogo wangu, una saa nzima, nitukane basi."

Aliangalia nje.

Nilimletea simu ampigie mwanawe aliyeko Mtwara. Aliisukuma. Nilipiga magoti, na mimi si mtu wa kupiga magoti, nikamwomba radhi kwa yote, ya miaka mitatu na ya leo. Hakunigeukia. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na mimi nilikuwa naona dakika zake zinapotea, maneno yake yote, anayaacha yapite makusudi kunikomoa. Nilimchukia kidogo. Nilimpenda vile vile.

Ndipo nikaenda jikoni. Yalikuwepo makande ya jana, nikayaongeza maji na nazi, nikayapasha. Chumvi sikutia. Niliongeza maji mpaka hata ile ya jana ikapotea. Nikamwekea bakuli mbele yake, nikajiwekea langu, nikaketi, nikasubiri.

Alionja. Akasimamisha kijiko. Aliinua macho akaniangalia, na alijua, aliyajua yote, nikamwona pembe ya mdomo inacheza. Akala kijiko cha pili. Cha tatu. Alikula bakuli zima, ananitazama usoni, bila kusema neno.

Saa kumi kasoro dakika moja aliweka kijiko chini. Alinyoosha mkono wake ulio mzima akanishika wangu.

"*Mmm*," akaanza.

Taa ya bluu nyuma ya sikio lake ikazimika.

Mdomo ulikuwa wazi. Ulimi ulisogea, ukasogea tena. Haikutoka sauti, hata ule mngurumo. Alijaribu mara tatu, kisha akaufunga mdomo polepole, kama mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mpaka leo sijui lilikuwa neno gani.

Tulikaa hivyo, mikono imeshikana, sijui kwa muda gani. Jirani aliwasha spika yake. Pengine hakuwa na habari, pengine alitaka kuukumbuka. Ulikuwa wimbo wangu. Nililitazama bakuli langu ambalo sikulila, nikausikiliza ukipita mistari yake yote, ukafika mwishoni, ukaingia kwenye ile noti. Nilikuwa nimechoka. Ilikuwa nzuri, jamani, ilikuwa nzuri bado. Utando ulianza kuganda juu ya makande. Nilikuwa nimetulia kabisa, sina maumivu, nasubiri tu.

Kiwiko kikanigonga ubavuni, kwa nguvu.

Namsifu alikuwa ameinuka nusu kitini, amenisogelea, macho yamemtoka. Akavuta pumzi sikioni mwangu kwa kelele, *hhhh*, ile niliyowatolea watu nje miaka thelathini na mmoja. Nami nikavuta. Hewa iliingia inauma, nikakohoa, nikaishika meza. Nikapeleka mkono nyuma ya sikio langu, nikapapasa. Palikuwa laini. Mimi sijawahi kupandikizwa Kidaka. Mwili ulikuwa umeujifunza wimbo kwa kuusikia tu, kila siku.

Namsifu alinitazama, kisha sote tukageuka dirishani. Noti ilikuwa bado inaendelea. Kwa jirani, ambako siku zote kuna kelele za vyombo na watoto, palikuwa kimya. Dukani kimya. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na Namsifu alikuwa tayari ameshika mkongojo wake, ananivuta mlangoni.